Maili za Eropleni ni Mali ya Nani?



Mwezi wa Rajabu wa mwaka 1446, yaani Januari ya 2025, alitujia dada yetu mkubwa baada ya sala ya Alasiri, wakati watoto wa chuo wamekwisha kufunga misahafu yao na sisi tumekaa barazani twanywa kahawa. Akaketi, akafungua pindo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Maalim, nisomee hii. Mwanangu asema ana maili, na kwa maili hizo atanipeleka umra. Nimefika umri huu sijapata kusikia mtu kulipa nauli kwa maili. Maili si masafa ya njia? Tangu lini masafa yakawa fedha?"

Tulicheka, kisha tukaona haya kwa kucheka kwetu, kwani tulipoifungua ile karatasi na sisi wenyewe hatukuelewa nusu ya yaliyomo. Ilibidi tumwite kijana mwenyewe, mpwa wetu, atueleze. Alitueleza siku ile na siku nyingine nyingi, na sisi tukaenda kuuliza kwa wenye ofisi za safari, tukasoma na kanuni za mashirika yenyewe. Na kwa kuwa tumeona ya kwamba nyumba nyingi za pwani sasa zina kijana mwenye maili, na wazee wao hawajui ni kitu gani, tumeona ukurasa wetu wa mwezi huu tuufanye wa jambo hili.

Kwanza khabari ya njia yenyewe. Tarehe 17 Januari 2024 shirika la flydubai, ambalo ni la serikali ya Dubai na lililoanza kuruka mwaka 2009, lilianza kuleta eropleni zake kutoka Dubai moja kwa moja mpaka uwanja wa Moi hapa Mombasa, mara nne kwa wiki. Kabla ya hapo, mwezi wa Desemba 2022, Kenya Airways ilikuwa imekwisha kuianza safari hiyo hiyo. Zamani kidogo watu wengi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu waliotaka kwenda Dubai iliwapasa kupanda bara kwanza hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 480 hivi, kwa basi la usiku au kwa ile reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, wakalala kwa jamaa au sakafuni pa uwanja, ndipo wakapanda ndege. Mwenye mama mzee au watoto wadogo ajua taabu yake. Sasa mtu atoka nyumbani kwake Likoni asubuhi, akavuka kivuko, na kutoka uwanja wa Moi mpaka Dubai ni kiasi cha saa tano angani. Masafa yenyewe, kwa mstari wa angani, ni kama kilomita 3,670, yaani maili zaidi kidogo ya 2,200. Hizo ni maili za kweli, zile alizozijua dada yetu.

Njia hii si ngeni kwa watu wetu, ila chombo tu ndicho kigeni. Majahazi ya Ghuba yalikuja na Kaskazi na kurudi na Kusi, na aliyetaka kufuatana nayo alingoja pepo mpaka zigeuke, apende asipende. Tutalirudia jahazi huko mbele, kwa sababu lina jambo la kutufundisha katika mas-ala haya ya maili.

Ama maili za daftari ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliyafungulia mashirika ya ndege mlango wa kushindana kwa nauli na kwa njia, na kila shirika likaingiwa na khofu ya kukimbiwa na wateja wake. Basi tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilianzisha mpango ulioitwa AAdvantage: kila abiria aandikiwe katika daftari masafa aliyosafiri na shirika lile, na yakifika kiwango fulani apewe safari bila kulipa nauli. Wengine wakafuata upesi, na leo ni nadra kuona shirika kubwa lisilo na daftari kama hilo. Emirates, iliyoanza kuruka mwaka 1985, iliufungua mpango wake uitwao Skywards mwaka 2000, na tangu Agosti 2018 abiria wa flydubai nao huandikiwa maili katika daftari hilo hilo la Skywards. Kenya Airways nayo ina mpango wake, Asante Rewards.

Neno "maili" lingalipo, lakini uhusiano wake na ardhi umekatika. Mashirika makubwa ya Marekani, tangu miaka ya 2015 na 2016, huhesabu maili kwa fedha aliyolipa abiria wala si kwa umbali aliokwenda. Skywards hutazama njia, aina ya nauli iliyolipwa na daraja la mwanachama. Ndiyo maana watu wawili waliokaa kiti kwa kiti, wakapaa pamoja na kutua pamoja, mmoja aweza kuandikiwa maili nyingi na mwenziwe kidogo. Dada yetu aliposikia haya alisema kwamba basi afadhali wangeziita kokoto. Sisi twaona hakukosea sana.

Wala msomaji asidhani kwamba ni sadaka. Shirika huziuza maili zake kwa mabenki na mahoteli, nao huwapa wateja wao ili wawavute, na biashara hiyo huyaletea mashirika fedha nyingi. Hapa tutapita upesi, ila tuseme neno moja kwa wale wenye kadi za benki zitoazo maili: mwenye kuchelewa kulipa deni la kadi hutozwa riba, na maili zile alizozifurahia asubuhi zitakuwa zimenunuliwa kwa kitu asichopenda kukitia nyumbani mwake. Mwenye akili na aisome khati ile ndogo ya chini kabla ya kutia saini.

Sasa namna ya kukata tikiti kwa maili. Mwenye daftari huingia katika hesabu yake kwa simu au kwa kompyuta, akataja mji anaotoka na anaokwenda na siku, kisha akachagua kulipa kwa maili badala ya fedha. Si lazima msafiri awe ndiye mwenye maili. Mtoto aweza kumkatia mama yake kutoka katika hesabu yake mwenyewe. Na kwa kuwa flydubai yafika Jidda na Madina pia, mtu wa Mombasa aweza kukatiwa tikiti moja, Mombasa mpaka Dubai na Dubai mpaka Jidda, na mzigo wake ukaandikwa mpaka mwisho wa safari. Haya ni mepesi kuyasema. Uzito uko katika mambo ambayo vijana hawawaambii wazee wao, ama kwa kutoyajua au kwa kuona haya.

Viti vya maili si viti vyote vya eropleni. Shirika huvitenga vichache, na vikiisha vimekwisha, hata kama nusu ya ndege i tupu. Ukitaka vingine utatakiwa maili nyingi zaidi. Siku za likizo za skuli, mwezi wa Shaabani na Ramadhani, ndizo siku watu wote wazitakazo, na ndizo siku ambazo kiti cha maili huadimika. Mwenye kutafuta na atafute miezi mingi mbele, na awe na siku mbili tatu za khiari, si siku moja aliyoikazania.

Jambo la pili ni fedha. Tikiti ya maili si tikiti ya bure. Kodi za serikali, ada za viwanja na baadhi ya ada za shirika lenyewe hulipwa kwa fedha taslimu siku ya kukata tikiti. Tumewaona watu walioahidiwa safari ya bure, wakaaga majirani, kisha wakaambiwa watoe fedha ambazo hawakuzikusanya. Na juu ya hayo, maili hazinunui viza, hazilipi chumba cha Makka, wala hazimchanji mtu sindano. Na msafiri wa umra kutoka Kenya hutakiwa cheti cha homa ya manjano na cha homa ya uti wa mgongo.

Tatu ni jina. Tikiti lazima iandikwe jina kama lilivyo katika pasi, herufi kwa herufi. Na sisi watu wa pwani tuna desturi ya majina mawili matatu kwa mtu mmoja. Mwanamke ataitwa Mwanaisha na ukoo wote, na pasi yake imeandikwa Aisha. Mwingine ajulikana kwa jina la bibi yake. Kijana huandika jina alilolizoea, kwa mapenzi tu, na mapenzi hayo yakamzuia mama yake uwanjani. Na aichukue pasi mkononi, aandike akiwa anaitazama.

La nne ndilo lililotutia haraka sisi wenyewe. Maili hufa. Katika Skywards maili huishi miaka mitatu, kisha hufutwa mwisho wa mwezi aliozaliwa mwenye daftari. Mpwa wetu alizaliwa mwezi wa Machi, na sehemu kubwa ya maili zake ziliingia Januari na Februari 2022, kwa hiyo zilikuwa zife mwisho wa Machi 2025. Mipango mingine ina kanuni nyingine, na kila mmoja na aisome yake. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba watu wanaojua siku ya kuiva kwa maembe yao mpaka kwa juma, hawajui siku ya kufa kwa maili zao. Upo pia mlango uitwao My Family, ambao katika Skywards huwaruhusu jamaa hadi wanane kutia maili zao katika chungu kimoja. Nyumba ambayo baba ana kidogo, na mtoto kidogo, na binti kidogo, na kila mmoja peke yake hafiki popote, khasa ndiyo ya kuutazama mlango huo mapema.

Na lipo onyo. Jirani yetu mmoja, mtu mwema mwenye pupa kidogo, alinunua tikiti ya Dubai kwa bei ya chini sana kutoka kwa mtu aliyejiita wakala, naye mtu huyo aliikata kwa maili za watu wengine asiowajua jirani yetu. Siku ya safari, mabegi yakiwa yamekwisha kufungwa kamba, akaambiwa uwanjani kwamba tikiti imefutwa. Yule wakala hakuonekana tena. Mipango mikubwa yote hukataza kuuza maili kwa mkono, na shirika likigundua huifuta tikiti na kulifunga daftari. Kumkatia ndugu yako tikiti ni halali katika kanuni zao; kumuuzia mtu baki siyo.

Basi haya yote tulikwisha kumwambia dada yetu, naye alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Tukadhani kwamba shughuli imekwisha. Alipokuwa akivaa viatu vyake akageuka, akauliza, "Na hizo safari alizozipatia maili, nauli yake alilipa nani?"

Tukanyamaza.

Mpwa wetu ni mtumishi wa jumuiya moja ya kheri, ichimbayo visima na kuwasomesha mayatima. Miaka ile alitumwa Dubai mara kadhaa kuonana na wafadhili, wakati huo akipitia Nairobi, na kila tikiti ilinunuliwa na jumuiya, yaani kwa fedha za watu walizozitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Maili zikaandikwa jina lake.

Tulimwita usiku ule baada ya Isha. Alikuja, akakaa, akajibu kwa adabu lakini kwa nguvu. "Mjomba," akasema, "kanuni ya shirika yasema daftari ni la mtu, si la ofisi. Ofisi haiwezi kuzitumia maili hizi. Nisipozitumia mimi, mwisho wa Machi zitakufa, na hapana atakayepata kitu. Sasa nani ameibiwa?"

Hoja yake si nyepesi, nasi hatukuidharau. Wala hakuwa mtu wa kwanza kuisema. Huko Marekani watumishi wa serikali kuu waliambiwa kwa miaka mingi kwamba maili za safari za kazi ni mali ya serikali, mpaka Desemba 2001 sheria ilipotiwa saini ya kuwaruhusu wazichukue kwa matumizi yao wenyewe. Huko Ujerumani khabari ilikuwa kinyume. Wabunge walitakiwa maili walizozipata kwa safari za Bunge wazitumie kwa safari za Bunge, na mwaka 2002 ilipofichuka kwamba baadhi yao walizitumia kwa mambo ya nyumbani, kukawa na fadhaa kubwa. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu mwezi wa Julai kwa sababu hiyo. Nchi mbili, miaka hiyo hiyo, na hukumu mbili mbali mbali. Tulipozitazama vizuri tukaona kwamba hazikuhitilafiana katika asili. Kule mwenye mali alisema chukueni, na huku mwenye mali alisema msichukue.

Na hapa ndipo tunapolirudia jahazi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka pwani yetu hii, akafika Mombasa, Unguja na Rufiji, na ameeleza ya kwamba mabaharia walikuwa na masanduku yao, na ndani yake bidhaa zao wenyewe za kuuza bandarini. Chombo ni cha tajiri, pepo ni za Mungu, na baharia hulipeleka sanduku lake bila nauli. Hakuwa mwizi, kwani nahodha alijua na ilikuwa desturi ya chombo. Lakini lau angalificha sanduku chini ya tende za tajiri, jina lake lingalikuwa jingine, hata kama tende hazikupungua hata kokwa moja.

Sisi si mufti, na msomaji asiichukue kalamu yetu kuwa fatwa. Ila mtu aliyesoma chuoni hawezi kulisikia swali la dada yetu asikumbuke khabari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya yule mtu wa kabila la Azd aliyetumwa na Mtume, s.a.w., kukusanya zaka. Aliporudi aliyagawa aliyokuja nayo, fungu hili ni lenu, na fungu hili nimezawadiwa mimi. Mtume, s.a.w., akapanda mimbari akalikataa jambo hilo mbele ya watu, akauliza kama mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hizo zingalimjia?

Tulimkumbusha mpwa wetu khabari hiyo, wala hatukuongeza neno. Alikaa kitambo. Kisha tukamwonyesha mambo mawili ambayo hoja yake iliyaruka. La kwanza, si kweli kwamba ofisi haiwezi kufaidika. Mwenye daftari aweza kumkatia tikiti mtu mwingine, basi jumuiya ingaliweza kumwomba amkatie mwenziwe wa kazini safari inayofuata, na fedha zile zikachimba kisima. Tena Emirates ina mpango mwingine wa makampuni, uitwao Business Rewards, unaompa mwajiri fungu lake mbali na fungu la msafiri. Jumuiya ile haikujiandikisha kwa kuwa hapana aliyewaambia. La pili lilikuwa ni swali tu: je, haikutokea hata mara moja kuchagua tikiti ya bei kubwa kwa kuwa ndiyo yenye maili, na ya rahisi ikaachwa?

Hapo akainamisha kichwa. Akasema ilitokea mara moja, mwaka 2022. Palikuwa na ndege ya shirika jingine kwa bei ndogo zaidi, naye akamwambia mweka hazina kwamba ile ya ghali ndiyo inayofaa kwa saa zake. Saa zilikuwa sawa sawa.

Twaliandika hili kwa idhini yake, na twamsifu kwa kulisema. Maana ubaya wa zawadi ya mtumishi mara nyingi hauko katika zawadi yenyewe, uko katika mkono unaosogea kidogo kuifuata, na mwenye mkono hana khabari.

Akaandika barua kwa wadhamini wa jumuiya. Aliwaeleza maili ni nini, ngapi anazo, zimepatikana kwa safari zipi, na zitakufa lini. Akawataka radhi kwa ile tikiti ya ghali na kuahidi kuirudisha tofauti yake katika mafungu matatu. Na mwisho akawauliza kama wampa ruhusa ya kuzitumia kwa ajili ya mama yake. Barua ilitoka katika Shaabani. Majibu hayakuja. Ramadhani ikaingia mwanzo wa Machi, wadhamini wakashughulika na futari za mayatima na vyakula vya maskini, na kila tukikutana na mpwa wetu msikitini twaona macho yake yahesabu siku. Dada yetu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alisema kwamba ikiwa maili zitakufa basi zitakufa, yeye hakuzaliwa na maili.

Jibu lilikuja katika kumi la mwisho, siku chache tu kabla ya Idi. Wadhamini walikiri kwamba hawakupata kulifikiri jambo hili. Wakaamua kwamba maili zilizokwisha kupatikana ni za wasafiri, kwa kuwa hapakuwa na kanuni ya kuwakataza, na kwamba tangu sasa maili za safari za jumuiya zitatumika kwanza kwa safari za jumuiya, na kila mtumishi atatoa hesabu ya daftari lake mwisho wa mwaka. Tofauti ya ile tikiti waliipokea.

Usiku huo huo baada ya tarawehe tulikaa watatu mbele ya simu moja. Siku alizozitaka kijana hazikuwa na viti vya maili kutoka Mombasa. Akatafuta juma lililofuata, hapana. Akapata mwezi wa Septemba, kwenda siku ya kwanza na kurudi siku ya kumi na mbili. Ilimradi tikiti yenyewe ikatwe kabla ya maili kufa, safari yaweza kuwa baada. Dada yetu akaileta pasi yake katika mfuko wa plastiki, na jina likaandikwa herufi kwa herufi. Ilipofika kulipa kodi na ada, kijana akatoa kadi yake, na mama yake akamshika mkono. Akafungua pindo la leso, akahesabu noti moja moja, fedha alizozipata kwa kuuza mahamri alfajiri. Kijana akalipa kwa kadi na mama yake akamrudishia fedha papo hapo, mbele yetu sisi tuwe mashahidi.

Mpwa wetu alifuatana naye kwa tikiti aliyoinunua kwa mshahara wake. Tuliwausia jambo moja tu la njiani, ambalo wengi wa wapitao Dubai huliacha: eropleni itokayo huko hulifikia eneo la mikati ya Qarn al-Manaazil kabla ya kutua Jidda, basi anayekwenda umra na awe amekwisha kujitayarisha na kutia nia angani, asingoje mpaka ashuke. Walikwenda kwa salama na kurudi kwa salama, na Zamzam tumeinywa sote hapa barazani, wakubwa na watoto wa chuo.

Siku aliyokuja kutuletea fungu letu la tende, dada yetu alimwuliza mwanawe kama ile tikiti yake imezaa maili nyingine. Akaambiwa kwamba tikiti ya maili haizai maili. "Na yako?" Yake imezaa, chache, kwa kuwa aliinunua kwa fedha yake. Dada yetu akaitafuna tende, akaitoa kokwa, akasema, "Basi hizo ziandike vizuri, na mwezi wa kufa kwake uuandike ukutani."